Anza na mizizi: namna ya kuitambua mikoko ya Gazi

Wageni wakifika kwetu husema "mikoko" wakimaanisha kila mti uliosimama ndani ya maji ya chumvi. Marehemu babu yangu, aliyekata boriti tangu ujana wake, hakulikubali hilo. Kwake mkoko ulikuwa mti mmoja, na mingine alikuwa akiiita kwa majina yake: mchu, mlilana, muia, mkandaa, kikandaa, mkomafi, msikundazi. Alinifunza kuijua hapa Gazi, Kwale, nilipokuwa na miaka tisa, na alianza na mizizi. Majani yalikuja baadaye.

Nenda maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu. Siku hizo bahari hurudi mbali na utaweza kuifikia miti ya mbele kabisa. Vaa viatu vya kufunga, maana chaza walioganda kwenye mizizi hukata kama wembe. Kisha inamisha macho.

Ukiona mizizi imetoka juu shinani, ikajipinda na kuchomeka topeni kama miguu ya kaa, huo ndio mkoko wenyewe. Hakikisha kwa jani: nchani pana kijiti chembamba kikali, na ukiligeuza utaona vidoa vyeusi vimetapakaa upande wa chini. Wataalamu huuita Rhizophora mucronata, na neno hilo la pili limetokana na ncha hiyo. Mbegu yake huchipua ingali mtini, ikaning'inia kama fimbo ya kijani, nusu mita na zaidi.

Mizizi myembamba iliyosimama wima kama penseli, mamia kwa mamia kuuzunguka mti, ni ya mchu. Jani la mchu ni la kijivujivu upande wa chini. Lirambe: utaonja chumvi, kwa kuwa mti huo huitoa kupitia majani, na asubuhi ya jua utaona chembe zake ziking'aa. Mizizi ikiwa imesimama hivyo hivyo lakini ni minene, mipana chini na imechongoka juu kama pembe ya ng'ombe, huo ni mlilana. Wavuvi waliikata wakafanyia maboya ya nyavu, kwa kuwa ni myepesi. Jani lake ni nene na la mviringo. Ua lake lina nyuzi nyingi nyeupe, hufunguka usiku, na asubuhi utazikuta nyuzi hizo zimeanguka majini.

Mizizi inayopanda na kushuka kama magoti yaliyokunjwa ni ya muia, ambao wengine huuita msinzi. Tafuta chini yake vikombe vyekundu vya maua vyenye vidole kumi au zaidi. Mbegu yake huanguka pamoja na kikombe hicho. Na ukiona mizizi bapa inatambaa juu ya tope kama nyoka, huo ni mkomafi. Tunda lake ni duara kubwa la rangi ya udongo, na ndani mbegu zimepangwa kwa pembe zake zikashikana. Utotoni tulikuwa tukilipasua, kisha tukishindana kuzirudisha mahali pake. Sikumbuki aliyewahi kushinda.

Panaponichanganya hata mimi, mwanga ukiwa hafifu, ni kati ya mkandaa na kikandaa. Yote miwili huwa mifupi na ina majani madogo yaliyobonyea nchani. Usitazame jani moja. Tazama kijiti kizima. Majani ya mkandaa hutoka mawili mawili yakitazamana, ilhali ya kikandaa hutoka moja moja kwa zamu, huku na huku. Mkandaa pia huwa na mbegu nyembamba yenye mifereji, urefu wa penseli. Kikandaa hakina mbegu ya kuning'inia, kina vijiua vyeupe tu.

Sasa mahali. Ukitoka baharini kuelekea nchi kavu, kwa kawaida utakutana kwanza na mlilana, ambao hufunikwa na maji kila yanapojaa. Nyuma yake, na kando ya mahori, yaani mikono ya bahari inayoingia bara, pana mkoko, kisha muia, kisha mkandaa. Kikandaa hukaa ukingoni mwa bara. Mchu ndio mkaidi: utaukuta mrefu mbele karibu na bahari, kisha tena nyuma kabisa, mfupi kama kichaka, kwenye jangwa lenye chumvi ambalo hufikiwa na maji ya bamvua peke yake. Msikundazi hupenda mahali maji ya mto yanapoingia. Ukitaka kuuona vizuri nenda Kipini, mdomoni mwa Tana. Jani lake hung'aa kama fedha upande wa chini.

Mpangilio huu niliuelewa kwa hasara. Mwaka 2008 mimi na wenzangu kikundini tulipanda mamia ya mbegu za mkoko kwenye mchanga wa mbele, mahali palipo wazi kwa mawimbi. Tulichagua mkoko kwa kuwa kupanda mbegu yake si kazi, waichomeka tu, na aliyetufadhili alitaka picha nzuri. Upepo wa kusi ulipoingia mawimbi yaling'oa nyingi, na zilizobaki zilifukiwa na mchanga. Kilichoniuma zaidi ni kwamba palikuwa na visiki vya mlilana mahali pale pale, na zile pembe zake bado zimesimama. Tulizikanyaga kutwa nzima, tusizitazame.

Kwa hiyo kabla ya kupanda chochote, kaa hapo bamvua moja na maji mafu moja, yaani siku ambazo maji hayajai sana wala hayakupwi sana, uone maji yanafika wapi, na utafute mizizi ya zamani. Usikate tawi ili ujifunze. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na majani yaliyoanguka yanatosha. Okota moja la kila mti, liandike jina kwa kalamu juu yake, ulibane katikati ya daftari. La mchu lifute chumvi kwanza, la sivyo karatasi italowa.