Mtoto anaanza chuo Marekani? Mtafutieni kundi la kusoma nalo mapema

Wazazi na wadogo zangu mlioko Marekani, msimu wa chuo ukikaribia wote tunahangaika na ada na FAFSA, ile fomu ya kuombea msaada wa ada wa serikali, na kweli bila hela hakuna kinachoenda, ila kuna kitu kwenye orientesheni vijana wetu wengi wanakipita tu kwa sababu hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuwaambia. Ni makundi ya wanafunzi wanaopangiwa masomo pamoja, kwenye tovuti ya chuo yatafute kwa jina la "learning community".

Bongo ukiingia Form Five PCB unasoma na watu walewale miaka miwili, diskasheni inajiunda yenyewe. Huku kila mtu na ratiba yake, asubuhi kijana yuko kwenye ukumbi wa kemia wenye mamia ya watu, mchana yuko darasa la insha na sura nyingine kabisa, jioni kila mtu kawasha gari kawahi kazini. Anaweza kumaliza muhula mzima hajui jina la aliyekaa pembeni yake, na akikwama hana wa kumuuliza, halafu huku usitegemee sapu, ukifeli somo mara nyingi unalirudia lote na unalilipia upya.

Sasa hizi programu chuo kinachukua wanafunzi kama 20 au 25 wa mwaka wa kwanza kinawapa masomo mawili matatu ya pamoja, kwa hiyo hata kwenye ule ukumbi mkubwa wa kemia kuna watu unawajua. University of Washington pale Seattle wanaziita FIG (First-year Interest Group), na kila kundi lina kipindi kidogo cha wao wenyewe kinachoongozwa na mwanafunzi aliyetangulia, yani mtu ambaye juzi tu alikuwa anahangaika kama wewe na anajua maktaba wanabuki vipi chumba cha kusomea. Na sio vyuo vikuu tu. Kingsborough Community College, Brooklyn, waliunganisha Kiingereza, somo jingine la kawaida na kipindi cha kumzoesha mwanafunzi chuo, na watafiti wa MDRC, taasisi ya utafiti ya hukuhuku, walipoifuatilia programu hiyo kuanzia 2003, wanafunzi wakiwa wamepangwa kwa bahati nasibu, waliokuwa kwenye makundi walifaulu masomo mengi zaidi muhula wa kwanza na walimaliza haraka zaidi zile kozi za Kiingereza cha kujazia, yani za wale ambao Kiingereza chao hakijafika kiwango cha chuo. Vyuo vingine vilipojaribu faida ilikuwa ndogo, kwa hiyo msitegemee miujiza, ila mimi bado naona kijana aliyetoka nyumbani juzi anahitaji hawa watu kuliko hata yule aliyezaliwa huku.

Nafasi zinajaa mapema, na mara nyingi unajiandikisha siku ileile ya kuchagua masomo, kwa hiyo kijana aende akiwa ameshachagua kundi. Amuulize mshauri wa masomo: hizi krediti zinahesabika kwenye digrii yangu au ni za ziada tu? Hilo ndio swali kubwa, maana kuna anayejikuta kalipia kozi isiyomsogeza popote. Aulize pia kama lazima akae hosteli, kwa sababu kuna zile za kuishi pamoja na gharama yake ni nyingine, na aangalie kama vipindi havigongani na shifti zake.

Wenye viza ya mwanafunzi, F-1, hapa kuweni makini sana. Masomo yamefungwa pamoja, na kwenye vyuo vingi ukidropu moja unaweza kuondolewa kwenye yote, sasa ukishuka chini ya krediti 12 bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni umeharibu hadhi yako ya viza. Usibonyeze kitu kwenye kompyuta kabla hujaenda kuongea nao.

Na wazazi, mtoto akishaanza chuo sheria ya FERPA inampa yeye haki ya rekodi zake, kwa hiyo ukipiga simu kuulizia matokeo unaweza kuambiwa hawaruhusiwi. Muulize mwenyewe, tena mapema, wiki ya tatu hivi: unasoma na nani? Akikosa jibu, na chuo chake hakina haya makundi, mwambie achague wawili watatu wa darasa lake wafungue grupu la WhatsApp, wapange siku moja ya maktaba kila wiki, na siku profesa anapopokea wanafunzi ofisini (office hours) waende wote pamoja na maswali yao.