SOMO: Umechoka na sabufa, unataka spika za maana? Anza na sebule

Wakuu, wengi tukipata hela ya spika tunaanza na jina la kampuni. Mimi naanza na chumba. Mfano wangu humu ni KEF LS50, spika ndogo ya kuweka kwenye stendi iliyotoka 2012 kuadhimisha miaka 50 ya kampuni hiyo ya Uingereza.

Hatua ya 1: Pima sebule

Simama katikati, piga kofi moja kwa nguvu. Ukisikia mlio wa "trrr" nyuma ya kofi, ujue kuta za tofali na vigae vya sakafuni vinarushiana sauti. Humo hata spika ya bei mbaya itachoma masikio. Weka zulia, mapazia mazito, makochi ya kitambaa. Kisha kaa unaposikilizia, mtu apitishe kioo kwenye ukuta wa pembeni. Pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo pa kutundika pazia au kuweka kabati la vitabu.

Besi nayo inategemea vipimo vya chumba. Ukuta hadi ukuta ikiwa mita 4, sauti nzito za karibu Hz 43 (mitetemo 43 kwa sekunde) zitavimba, na ukiegemeza kochi ukutani zinazidi. Sebule ya mraba ndiyo mbaya kabisa, maana pande zote zinavimbisha besi ileile. Kwa chumba hicho zile ndefu za kusimama sakafuni sizitaki, labda unataka kugombana na majirani. LS50 ina tundu la hewa nyuma, kwa hiyo nayo iache ipumue mbali na ukuta.

Hatua ya 2: Amplifaya

Achana na wati zilizoandikwa kwenye boksi, tafuta desibeli za spika, yaani inapiga kwa nguvu kiasi gani ukiipa wati moja. LS50 ni 85. Spika ya 91 itatoa sauti ileile kwa robo tu ya wati, kwani kila desibeli 3 ni wati mara mbili. Angalia na omu, yaani spika inavyouzuia umeme: LS50 imeandikwa 8, lakini kwenye baadhi ya sauti inashuka hadi karibu 3. Amplifaya dhaifu hapo inachemka.

Hatua ya 3: Sikiliza kwa haki

Nenda dukani na nyimbo unazozijua. Kwenye sebene, je, magitaa unayatenganisha? Kwenye taarabu, kanuni (ile ala ya nyuzi) na fidla zimekaa mahali pake au zimerundikana? Sawazisha sauti kabla ya kulinganisha. Inayopiga juu kidogo hushinda kila mara, na wauzaji wanalijua hilo.

Hatua ya 4: Za mtumba

Gusa ukingo wa koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayotikisika. Wa mpira unadumu, wa sponji huoza, na joto la pwani halisaidii. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeharibika, rudisha.

MASWALI

*Mkuu, amplifaya yangu ni wati 40, spika zinasema 150. Si zitakataa kupiga?*
Zitapiga vizuri. Hiyo 150 ni kikomo cha spika, haidai ufikishe. Ila usiikamue amplifaya hadi sauti ikwaruze. Wengi huunguza twita, kile kispika cha sauti nyembamba, kwa amplifaya ndogo iliyokamuliwa.

*Kaka, niko Mombasa, nimepata amplifaya kutoka Japani, nyuma imeandikwa 100V. Nichomeke?*
Usichomeke! Umeme wa Kenya ni 240V. Nunua transfoma ya kushusha hadi 100V. Zile za 110V zimejaa madukani, lakini zinaizidishia umeme. Wati za transfoma ziwe juu ya zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, tena kwa nafasi ya kutosha.

*Samahani mwalimu, dukani wananiambia bila waya wa laki nne spika hizi hazitoi uwezo wake. Kweli?*
Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ule wa fundi umeme, unatosha kwa sebule yoyote. Muulize muuzaji kama ni shaba tupu, haikuchanganywa. Hiyo laki nne kanunulie zulia.