Namna ya Kuunganisha Darasa la Mtwara au Lindi na Darasa la Nchi Nyingine

Mwalimu anayetaka kuliunganisha darasa lake na darasa la nchi nyingine kwa kawaida huanza kwa kuulizia projekta, kamera na kasi ya intaneti, na akishajibiwa kwamba shule haina hata kimoja kati ya hivyo, jambo lenyewe huishia hapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa Mtwara na Lindi walio katika hali hiyo, na unapendekeza kuanzia upande mwingine: ipatikane kwanza kazi ambayo darasa lako haliwezi kuikamilisha bila darasa la mbali, wala darasa la mbali haliwezi kuikamilisha bila lenu, kisha kifaa kichaguliwe kulingana na mahitaji ya kazi hiyo. Kazi ikiwa nzuri, simu janja moja ya mwalimu yatosha kuanzia. Kazi ikikosekana, hata chumba cha kompyuta kilichokamilika kitazaa salamu, kupungiana mikono na ukimya.

Kazi inayohitaji pande mbili

Kazi ninayoipendekeza kuliko zote kwa mikoa hii ni kupima vivuli. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Eratosthenes, aliyekuwa msimamizi wa maktaba ya Alexandria nchini Misri, alikadiria mzingo wa dunia kwa kulinganisha pembe ya jua katika miji miwili, mmoja kusini na mwingine kaskazini. Shule moja peke yake haiwezi kuurudia upimaji huo. Shule mbili zinaweza, na kadiri zinavyoachana kwa latitudo ndivyo matokeo yanavyokuwa ya kuaminika zaidi. Mji wa Lindi uko karibu na nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na Mtwara iko kusini zaidi kidogo. Tuseme mmepata wenzenu wa Berlin, Ujerumani, ambako latitudo ni takriban nyuzi 52.5 kaskazini.

Upimaji ufanyike siku ambazo jua huwa juu ya Ikweta yenyewe, yaani karibu na tarehe 20 Machi au tarehe 22 Septemba. Kwa huku kwetu Septemba ni bora, kwa sababu Machi mvua bado zinanyesha na wingu moja la mchana linaweza kuharibu maandalizi ya wiki nzima. Simamisheni fimbo iliyonyooka kwenye uwanja uliosawazishwa, urefu wake kutoka ardhini hadi nchani uwe mita moja kamili, na wima wake uhakikishwe kwa timazi, ambayo wanafunzi wanaweza kuitengeneza kwa uzi na jiwe dogo. Kuanzia saa sita kamili mchana, mwanafunzi mmoja aweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, na mwingine aandike saa na urefu. Kivuli kitaendelea kufupika, kisha kitaanza kurefuka tena. Kinachotakiwa ni urefu mfupi kuliko yote, ambao kwa Lindi mwezi Septemba hupatikana karibu na saa sita na robo, na mwezi Machi karibu na saa sita na nusu.

Mtapata takriban sentimita 18, na kivuli kitaelekea kusini. Wenzenu wa Berlin, kwa fimbo yenye urefu uleule na kwa mchana wa kwao, watapata takriban sentimita 130, na kivuli chao kitaelekea kaskazini. Hapa mwalimu asiharakishe kueleza. Awaache wanafunzi wabishane kwa nini fimbo mbili zinazolingana, siku moja, zimetoa vivuli visivyolingana vinavyotazama pande tofauti, na hoja zao ziandikwe na kutumwa Berlin kabla ya kitabu kufunguliwa. Baada ya hapo ndipo hesabu ifuate. Wanafunzi wa sekondari watatumia tanjenti. Wa shule ya msingi watachora pembetatu mraba kwa skeli na kuipima kwa kipimapembe ile pembe iliyo kwenye ncha ya fimbo. Pembe yenu itakaribia nyuzi 10 na yao nyuzi 52.5, na kwa kuwa jua lilikuwa katikati yenu, pembe hizo hujumlishwa na kuwa 62.5. Umbali wa kusini hadi kaskazini kati ya latitudo hizo mbili, ukipimwa kwenye ramani kwa kufuata mstari wa longitudo wala si kwa kukata mshazari, ni kama kilomita 6,950. Zidisheni kwa 360, mgawanye kwa 62.5, nanyi mtapata takriban kilomita 40,000, na mzingo wa dunia unaopita kwenye ncha zake mbili ni karibu kilomita 40,008. Majibu ya darasa yatapungua au kuzidi, na kuijadili tofauti hiyo pamoja (je, fimbo ilikuwa wima, je, uwanja ulikuwa na mteremko?) ni somo lenye thamani kama lile la kwanza.

Liko pia jambo ambalo Lindi na Mtwara zinaweza kuwaonyesha wenzao na ambalo Berlin haitalishuhudia kamwe kwake: karibu na tarehe 21 Februari, na tena karibu na tarehe 20 Oktoba, jua la mchana hupita utosini hapa kwetu, na fimbo iliyosimama wima hukosa kivuli kwa muda mfupi. Picha moja ya fimbo hiyo inatosha.

Kazi nyingine iliyo mikononi mwetu ni korosho. Sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Tanzania hununuliwa na India na Vietnam, na mji wa Kollam katika jimbo la Kerala, India, umejulikana kwa muda mrefu kwa viwanda vya kubangua. Darasa la Newala au Tandahimba linaweza kurekodi mkorosho tangu kuchanua hadi kuokota, gunia linavyofika ghalani, na mnada unavyoendeshwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Darasa la Kollam liendelee na sehemu ya pili ya safari hiyo. Mkitaka pembe ya tatu, tafuteni darasa la kaskazini-mashariki mwa Brazili, ambako mti huo ulitoka kabla ya Wareno kuusambaza katika karne ya 16, na ambako juisi ya mabibo ni kinywaji cha kila siku, ilhali mabibo mengi ya huku huozea shambani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, kilichoko Mtwara, kinashughulika na zao hili, na ni mahali pa kupeleka maswali yatakayomshinda mwalimu.

Kwa Lindi kipo vilevile kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko visukuku vya dinosaria, vikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo mifupa ya Giraffatitan yenye kimo cha zaidi ya mita 13 imesimamishwa katika Museum für Naturkunde jijini Berlin. Wanafunzi wa Berlin wanaweza kwenda kuitazama na kunakili maelezo yaliyoandikwa hapo. Wa Lindi wanaweza kuwahoji wazee kuhusu masimulizi yaliyobaki vijijini, na kutafuta habari za Boheti bin Amrani, aliyesimamia kazi za uchimbaji pale. Swali la mali hiyo inastahili kukaa wapi litazuka lenyewe. Lisizimwe, kwani watoto wa pande zote mbili wana haki ya kulijadili kwa heshima na kwa ushahidi.

Kipimo changu cha kuikubali au kuikataa kazi ni hiki: je, wanafunzi wetu wanatoa maarifa, au wanaulizwa tu wamekosa nini? Mpango ambao darasa la mbali linatazama upungufu wa madawati na kuchangisha fedha ni msaada, na msaada una mahali pake, lakini usiitwe ushirikiano wa kujifunza.

Kumpata mwenza

Mtandao wa iEARN umekuwa ukiwaunganisha walimu na wanafunzi wa nchi mbalimbali kwa miradi ya pamoja tangu mwaka 1988, na mwalimu anaweza kupendekeza mradi wake mwenyewe humo. Ule wa UNESCO wa shule shirikishi, uitwao ASPnet, ulianza mwaka 1953, na nchini mwetu njia ya kuufikia ni Tume ya Taifa ya UNESCO. Njia ya tatu, ambayo watu huidharau bila sababu, ni mwalimu mliyesoma naye chuo ambaye sasa yuko Kenya au Rwanda. Ushirikiano wa kwanza ukiwa na shule inayotumia Kiswahili, kikwazo cha lugha huondoka, na mwalimu hubaki na kazi ya kujifunza utaratibu peke yake. Ng'ambo ya Ruvuma nako, Msumbiji, wapo watoto wanaozungumza Kimakonde nyumbani kama wenzao wa Newala.

Mkishapatana, andikeni ukurasa mmoja wa makubaliano: kazi ni ipi, kila upande utatuma nini na lini, na mwalimu gani wa pili atashika nafasi ya wa kwanza akiumwa au akisafiri.

Ruhusa na usalama wa watoto

Hili litangulie mawasiliano yoyote ya wanafunzi. Mkuu wa shule ajue na aridhie kwa maandishi, ofisi ya elimu ya halmashauri itaarifiwe kupitia kwake, na wazazi waelezwe katika kikao, kwa Kiswahili chepesi, kisha wasaini fomu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu picha na sauti za watoto wetu kama inavyohusu namba zao, na wenzetu wa Ulaya wana sheria yao kali inayotumika tangu 2018, ambayo Ujerumani huitumia kwa kudai idhini ya mzazi katika huduma nyingi za mtandaoni hadi mtoto afikishe miaka 16. Kwa hiyo msishangae wakisita kutuma picha za nyuso, na ninyi pia msitume ovyo. Mawasiliano yote yapite kwenye akaunti ya mwalimu. Jina la kwanza latosha. Picha zionyeshe mikono, fimbo, utepe wa kupimia na daftari. Picha ya mtoto isiwekwe kwenye kurasa za mitandao ya kijamii za shule wala za mwenza bila idhini mahususi ya mzazi.

Vifaa na bando

Simu ya video ya saa moja inaweza kula takriban gigabaiti moja, ilhali ujumbe wa sauti wa dakika moja hauli hata megabaiti moja. Tofauti hii ndiyo sababu ya kushauri kwamba sehemu kubwa ya ushirikiano iende kwa sauti zilizorekodiwa, picha zilizopunguzwa ukubwa na majedwali ya vipimo, ambavyo mwalimu anaweza kuvituma jioni mtandao ukiwa mwepesi. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na hilo halizuii chochote: vikundi viandike na kufanya mazoezi darasani, mwalimu arekodi kikundi kimoja baada ya kingine. Spika ndogo yenye chaji ni ya lazima zaidi kuliko projekta, kwa sababu darasa la watoto wengi linaweza kusubiri zamu kutazama kioo kidogo, lakini haliwezi kusikia sauti ya simu kwa pamoja.

Wekeni daima nakala ya kazi nje ya intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwemo, na siku kama hiyo darasa lenye rekodi zake kwenye simu huendelea na kazi bila wasiwasi.

Saa na kalenda

Andikeni miadi kwa mfumo wa saa 24 na kutaja saa za nchi zote mbili. Mwenzenu akiandikiwa saa nne, ataelewa 4:00, na nyinyi mnamngoja saa 10:00. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na kwa saa moja wakati wa kiangazi chao, na mabadiliko hufanyika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, hivyo miadi ya wiki zinazofuata ithibitishwe upya. Epukeni mchana wa Ijumaa, na mwezi wa Ramadhani mpange kazi nyepesi za asubuhi. Miezi ambayo mihula ya pande mbili hukutana vizuri ni Februari hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kwa sharti la kutazama likizo fupi za kila upande. Msitumie darasa linaloandaliwa kwa mtihani wa taifa mwaka huo.

Kikao cha moja kwa moja

Kikao cha video kije mwisho, baada ya matokeo kupatikana, na kisizidi nusu saa. Maswali yatumwe siku chache kabla, kila swali liwe na mwanafunzi wake, na walimu wawili wajaribu mitambo siku moja kabla, kwenye chumba kilekile na saa ileile. Chagueni chumba chenye dari, kwa kuwa mvua ikipiga juu ya bati tupu hakuna maikrofoni itakayosikika. Picha ikianza kuganda, zimeni kamera mwendelee kwa sauti. Sauti ikikatika, someni majibu mliyotumiwa awali na mpange siku nyingine. Pawabanki iwe imechajiwa hata kama umeme upo.

Tangu siku ya kwanza liwepo daftari la ushirikiano, likae ofisini kwa mwalimu wa taaluma, lenye makubaliano, fomu za wazazi, anwani za mwenza, vipimo vyote na tarehe za kila kilichotumwa na kupokelewa. Mwalimu aliyeanzisha akipata uhamisho, amtambulishe mrithi wake kwa mwenza kwa ujumbe wa watu watatu kabla hajaondoka, na mrithi huyo atume kazi ya kwanza ndani ya muhula huohuo.