Jinsi ya Kuandaa Akiba ya Nyumbani Kabla Bidhaa Hazijaadimika

Bidhaa huadimika kabla hazijaisha. Ukisikika uvumi wa mgomo, wa uchaguzi wenye utata au wa sarafu kuporomoka, watu hukimbilia madukani siku hiyo hiyo, na mzigo ambao ungetosha mwezi unamalizika kwa saa chache. Mwaka 2020, corona ilipoingia, rafu za karatasi za chooni zilibaki tupu katika nchi nyingi ingawa viwanda vilikuwa vinaendelea kuzalisha. Ndiyo maana akiba hununuliwa kidogo kidogo wakati hakuna mwenye hofu. Ukinunua wakati huo humnyimi mtu, wala hulanguliwi.

Kazi yangu ni kutunza stoo ya chakula ya shule ya bweni. Ninayoyaeleza hapa ni taratibu za stoo, nimezipunguza zitoshe nyumba ya kawaida. Zifuate kwa mpangilio huu. Wengi huanza na magunia ya chakula, lakini maji na dawa ndivyo vya kwanza, kwa sababu vikikatika huna siku nyingi za kufikiri.

Hatua ya 1: Jua nyumba yako inatumia nini

Chukua daftari. Kwa mwezi mmoja, kila pakiti mpya inapofunguliwa andika tarehe, na inapokwisha andika tena. Basi. Mfuko wa unga wa kilo 2 ukiisha siku ya nne, umejua kwamba nyumba inakula nusu kilo kwa siku, na hutabahatisha tena. Andika na visivyoliwa: sabuni, pedi, nepi, viberiti, betri, gesi, chakula cha mifugo. Hivi ndivyo husahaulika, na ndivyo vinavyoleta kero kubwa vikikosekana.

Lengo la kwanza liwe siku 3. Si hofu ya kupindukia. Machi 2025 Tume ya Ulaya iliwahimiza wananchi wa nchi wanachama wawe na mahitaji ya angalau saa 72. Ukifika hapo, sogea hadi wiki 2, kisha mwezi. Kila ukienda kununua, ongeza kitu kimoja au viwili juu ya mahitaji ya kawaida. Usikope ili ujaze stoo. Uchumi ukiyumba, deni litakubana kuliko rafu tupu.

Hatua ya 2: Maji

Kadiria lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Familia ya watu watano inamaliza dumu la lita 20 kwa siku, kwa hiyo wiki 2 ni madumu 14. Hayo ni maji ya kubania. Mashirika ya misaada hupangia lita 15 kwa mtu ukijumlisha kuoga na kufua. Kama nafasi ni ndogo, anza na madumu matatu, usikate tamaa. Yapange sakafuni, kwa sababu dumu moja lina uzito wa kilo 20 na rafu nyingi za nyumbani haziwezi kubeba mzigo huo.

Tumia vyombo vilivyotengenezwa kwa chakula au maji. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, dawa ya shambani au kemikali yoyote halifai hata ukiliosha mara kumi. Maji ya bomba yaliyokwisha kutibiwa yajaze kwenye chombo safi, ufunge vizuri, uyaweke gizani, na uyabadilishe kila baada ya miezi 6. Ya zamani usiyamwage, fulia. Ndoo na mapipa yenye maji yafunikwe muda wote kama kuna mtoto mdogo. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji machache tu.

Bomba likikauka na ukalazimika kuchota mahali usipopaamini, zipo njia tatu:

- Kuchemsha. Yaache yatokote kwa dakika 1 nzima. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3.
- Klorini, yaani dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato, ambayo lebo yake inaonyesha haipokloriti ya sodiamu ya asilimia 5 hadi 6. Matone 2 kwa lita, koroga, subiri dakika 30. Kwa dumu la lita 20 ni matone 40, ambayo hayafiki hata nusu kijiko cha chai. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, na yakibaki na ukungu ongeza kipimo mara mbili. Dawa hii hupungua nguvu ikikaa, hivyo nunua chupa mpya kila mwaka.
- Jua. Jaza maji maangavu kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, uzilaze juani kwa saa 6. Mawingu yakitanda, ziache siku 2. Njia hii haihitaji moto wala dawa, na watu wanaidharau bila sababu.

Hatua ya 3: Dawa na afya

Kama nyumbani kuna mtu anayetumia dawa za kila siku, iwe shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa au virusi vya Ukimwi, zungumza na kliniki yake sasa. Mwambie mhudumu kwamba unataka akiba ya mwezi mmoja zaidi, na uliza namna ya kuipata kihalali. Kuacha ghafla dawa ya kifafa au ya presha kunaweza kumpeleka mtu pabaya kwa siku chache. Ukipata pakiti mpya iweke nyuma, tumia ya zamani. Usirundike antibiotiki za kujitibia kwa kubahatisha.

Dawa nyingi zinataka mahali pakavu, pasipo na jua wala joto la jikoni. Kwa insulini, soma karatasi iliyo ndani ya boksi au muulize mfamasia itadumu siku ngapi nje ya friji, na uyaandike majibu juu ya boksi kabla umeme haujakatika.

Weka pia pakiti za maji chumvi za kutibu kuharisha. Zikiisha, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Chumvi isizidi kipimo hicho, hasa kwa mtoto.

Hatua ya 4: Chakula, na kiasi chake

Weka akiba ya kile mnachokula tayari. Chakula kigeni kilichonunuliwa kwa ajili ya dharura hukaa hadi kinaharibika, na watoto wakiwa na hofu hawataki kujaribu ladha mpya.

Hesabu ya kuanzia, kwa mtu mzima mmoja kwa siku: gramu 400 za nafaka au unga, gramu 100 za maharage, dengu au kunde, na gramu 30 za mafuta ya kupikia. Hapo unapata takriban kilokalori 2,000, karibu kabisa na 2,100 ambazo mashirika ya misaada hutumia kupanga mgao. Kwa mwezi ni kilo 12 za nafaka, kilo 3 za jamii ya maharage na lita 1 ya mafuta. Ongeza chumvi yenye madini joto, sukari na viungo, pamoja na mboga za kukausha au za kopo. Viungo si anasa. Mlo ule ule wa wiki ya tatu bila ladha huwashinda wengi.

Mchele mweupe ukifungwa vizuri hukaa miaka. Mchele usiokobolewa na unga usiokobolewa vina mafuta ya kiini, vinachacha baada ya miezi michache. Nafaka nzima inadumu kuliko unga, lakini kumbuka kwamba umeme ukikatika mashine ya kusaga nayo inasimama. Kwa hiyo weka vyote viwili: unga wa wiki 3 hivi, kinachobaki kiwe nafaka nzima. Maharage ya zaidi ya mwaka huwa magumu na yatakula kuni au gesi nyingi, usiyaache yazeeke.

Hatua ya 5: Kukausha, kufunga na kuzungusha

Hapa ndipo akiba nyingi zinapopotea, kwa hiyo twende polepole.

Nafaka yenye unyevu huota kuvu, na kuvu huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Kabla ya kufunga chochote, pima kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, jaza nafaka hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka. Funga, tikisa kwa dakika 1, kisha iache dakika 15. Tazama kuta za ndani. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado mbichi, irudishe juani. Ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, iko tayari. Chukua sampuli katikati ya gunia pia. Juu hukauka kabla ya ndani.

Pepeta, chambua, ondoa zilizovunjika na zenye rangi ya ukungu. Kisha zitie kwenye chombo kisichopitisha hewa, pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana au mifuko maalumu ya kuhifadhia nafaka. Jaza hadi juu, pasibaki nafasi ya hewa. Fukusi waliojificha ndani wataimaliza hewa iliyobaki na kufa wenyewe, bila dawa, mradi hufungui kila siku. Kwa hiyo gawa akiba kwenye vyombo vidogo: kimoja cha kutumia, vingine visiguswe. Ukiwa na friza, kiasi kidogo cha unga au mchele kikikaa humo siku 4, wadudu na mayai yao hufa. Kitoe, kiache kirudi kwenye joto la kawaida kikiwa kimefungwa, kisipate unyevu.

Vyombo visikae moja kwa moja sakafuni wala visigusane na ukuta. Weka mbao chini, acha upenyo nyuma, ili unyevu usipande na uweze kuona kinyesi cha panya mapema. Andika tarehe ya kuingiza kwa kalamu ya wino mzito. Kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka, na kila ukitoa kimoja, kimoja kipya kinaingia nyuma. Stoo isiyozunguka huharibika polepole huku mwenyewe akijiona ana akiba.

Hatua ya 6: Moto na mwanga

Uwe na njia mbili za kupikia zisizotegemea kitu kimoja, mfano gesi na mkaa. Jiko la mkaa halilali chumbani, hata kama moto unaonekana umekufa. Hewa yake haina harufu na huua watu usingizini. Petroli isihifadhiwe ndani ya nyumba.

Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu dakika 30 katika maji mapya, kisha funga sufuria yenye mfuniko ndani ya mablanketi na uiache saa kadhaa. Yataendelea kuiva kwa joto lake, utamalizia kwa moto kidogo tu. Usiruke kuchemsha, maharage mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu.

Kwa mwanga, tochi na betri za akiba ni salama kuliko mishumaa.

Hatua ya 7: Fedha, nyaraka na mawasiliano

Mwishoni mwa Juni 2015 benki za Ugiriki zilifungwa, na wateja wakaruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku kwenye mashine. Upande wa pili, Novemba 2016 serikali ya India ilitangaza usiku kwamba noti za rupia 500 na 1,000 hazitumiki tena. Kwa hiyo weka nyumbani fedha taslimu za wiki moja au mbili tu, katika noti ndogo ndogo, maana dukani chenji itakosekana. Bei zikipanda kila wiki, noti zilizofichwa zinayeyuka thamani, lakini mafuta na sabuni utakayotumia kweli vinabaki na kazi yake.

Nakala za vitambulisho, vyeti na hati ziwe kwenye mfuko usioingia maji. Namba muhimu ziandike kwenye karatasi. Simu ikizima hakuna anayezikumbuka. Kubalianeni mtakutana wapi mtandao ukikatika. Redio ya betri bado ni chombo cha maana.

Hatua ya 8: Upungufu ukianza

Usirudi dukani kugombania. Ulichonacho kinatosha, na kilichobaki rafuni mwachie asiyepata nafasi ya kujiandaa. Usitangaze wingi wa stoo yako mitandaoni, ila chagua mapema majirani mtakaosaidiana nao, hasa mzee anayeishi peke yake na mama mwenye mtoto mchanga, na tenga sehemu yao tangu mwanzo.

Umeme ukikatika, kula vya friji kwanza. Friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa hufika saa 48, na iliyojaa nusu tu hufika saa 24. Kisha vya kopo, na vikavu mwisho. Teua mtu mmoja wa kupima na kutoa chakula, kwa kikombe kile kile kila siku, na aandike. Ikifika nusu ya akiba na hali haijatengemaa, punguzeni kiasi kidogo kwa watu wazima wenye afya. Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wagonjwa wasipunguziwe.

Bidhaa zikirudi, jaza tena kwa mwendo ule wa mwanzo, kitu kimoja au viwili kwa kila safari, dawa zikitangulia.