Somo: Jinsi ya kutafuta na kurekodi ving'ora vya zamani vya vituo vya zimamoto

Habari zenu, ndugu wapenzi wa ving'ora. Wengi mmeniuliza naanzia wapi nikifika mji mdogo nisioujua. Hivi ndivyo ninavyofanya hapa Minnesota, Marekani.

Hatua ya 1: Kitafute king'ora ukiwa nyumbani. Fungua ramani yenye picha za barabarani, nenda kwenye kituo cha wazimamoto wa kujitolea, ukague paa, nguzo za nyuma na mnara wa kuanikia mipira ya maji. Kabla peja (vifaa vidogo vya mfukoni vya kuitia watu) hazijaja, king'ora ndicho kilichowatoa watu mashambani na madukani, kwa hiyo mara nyingi kiko hapo hapo kituoni. Linganisha picha za miaka tofauti. Ukiona nguzo iliyobaki tupu, wahi, huenda chenyewe bado kiko stoo.

Hatua ya 2: Piga hodi. Usipande paa wala usiguse sanduku la umeme. Jitambulishe, kisha omba kuonana na mzee aliyetumikia miaka mingi. Atakueleza yasiyoandikwa popote.

Hatua ya 3: Soma umbo. Kofia kama uyoga juu ya mota iliyosimama wima, mara nyingi ni Model 2 au Model 5 za kampuni ya Federal. Ukiona pembe kubwa inayozunguka, bomba likishuka hadi kwenye sanduku la kupuliza hewa, hiyo ni Thunderbolt, iliyoanza kutengenezwa 1952. Thunderbolt ya aina ya 1003 ina vifuniko vinavyofungwa kwa sumaku ya umeme ili sauti ipokezane juu na chini, na ishara hiyo ilitumika sana kwa moto.

Hatua ya 4: Rekodi sauti. Hapa Minnesota majaribio ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa 7 mchana. Fika mapema, vaa vizibo vya masikio, simama mbali, na uache simu irekodi mpaka mlio ufe kabisa. Ule mshuko wa mwisho ndio rota, yaani gurudumu lenye matundu linalozungushwa na mota, inavyopungua kasi. Kisha piga hesabu: idadi ya matundu ya rota mara mizunguko kwa sekunde. Mota ya mizunguko 3,450 kwa dakika huzunguka mara 57.5 kwa sekunde. Matundu 10 yanatoa hezi (mitetemo kwa sekunde) 575, na 12 yanatoa 690. Programu ya simu ya kupima sauti ikikuonyesha namba hizo mbili kwa pamoja, umeshajua ndani kuna matundu 10 na 12, bila kupanda ngazi.

Hatua ya 5: Kibao cha kiwandani chenye namba. Hapa msikimbilie. Kuna kituo nilikuta king'ora kimeshushwa, kimelazwa nyuma ya gari la maji, na kiota kikavu cha ndege ndani ya rota. Kibao kilikuwa kimepakwa rangi mara nyingi hata hakisomeki. Niliweka karatasi nyembamba juu yake, nikasugua kwa ubavu wa penseli, na namba ya seriali ikajitokeza, tarakimu moja moja. Niliporudi mwezi uliofuata kupima rota, kilikuwa kimeshauzwa chuma chakavu. Karatasi ile ninayo. Kwa hiyo andika siku hiyo hiyo: namba, volti, fezi (idadi ya njia za umeme inazotaka mota), mahali, na mwaka ambao wazee wanakumbuka kilifungwa.

Maswali ya wanachama

*Kaka, nimepata kimoja kinauzwa. Naweza kukiwasha nyumbani?*
Angalia fezi kwanza. Vikubwa vingi vinataka fezi tatu, na nyumba nyingi hapa Marekani hazina. Model 2 ilitengenezwa pia ya fezi moja. Ila usikiwashe bila idhini ya mji, majirani watakimbilia chini ya nyumba wakidhani ni kimbunga.

*Mwalimu, nitajuaje kama ni moto au kimbunga?*
Sehemu nyingi mlio mmoja ulionyooka ni kimbunga, na unaopanda na kushuka ni moto, lakini kila wilaya ina utaratibu wake, dada. Waulize wa hapo unapoishi.

*Niko Ujerumani. Huku juu ya paa za zimamoto kuna uyoga wa chuma. Ni nini?*
Hiyo yaelekea ni E57, ndugu, aina ya king'ora cha Kijerumani ya mwaka 1957. Rota ina matundu 9, mizunguko kama 2,800 kwa dakika, sauti karibu hezi 420. Ishara ya moto ni dakika moja iliyokatwa mara mbili. Ukiirekodi, tuwekee hapa na mshuko wake wa mwisho.