Bustani ya mvua: ichimbwe ukubwa gani?

Bustani ya mvua ni shimo lenye mimea, linalopokea maji ya mvua, kuyachuja na kuyanywesha ardhini. Wengi huanza kwa kuuliza ipandwe mimea gani. Mimi huanza na futikamba. Tuchukue maegesho ya magari Dar es Salaam, lami tupu, mita 20 kwa 20. Mvua ikinyesha, oili na mchanga vyote vinaishia mtaroni.

Hatua ya 1: Pima kinacholeta maji. Hesabu kila kinachomwaga upande wako, hata kama kiko nje ya kiwanja. Masika moja bustani niliyoichimba ilifurika kwa mvua ya kawaida tu. Kumbe bati la jirani lilikuwa likimwaga juu ya lami, nami sikulihesabu. Siku hizi naenda saiti mvua ikinyesha, mwavuli mkononi.

Hatua ya 2: Tafuta ujazo. Hatusafishi gharika nzima. Maji ya mwanzo ndiyo hubeba uchafu mwingi. Mimi hutumia milimita 25 za mvua. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, na kwa lami zidisha kwa 0.9, maana si maji yote hutiririka. Basi 400 × 25 × 0.9 = lita 9,000, yaani mita za ujazo 9.

Hatua ya 3: Pima udongo unavyokunywa maji. Chimba shimo hadi usawa wa kitako cha bustani, lijaze, liache likauke, jaza tena, ndipo uchomeke rula na kusoma kila nusu saa. Mjazo wa kwanza usiuamini: udongo mkavu una kiu, utakudanganya. Tuseme yameshuka milimita 30 kwa saa. Gawa kwa 2, maana tope litaziba taratibu: milimita 15 kwa saa. Ukikuta mfinyanzi usiokunywa maji, laza bomba lenye matundu chini. Ukikuta maji shimoni kabla hujamwaga yako, hamia kwingine.

Hatua ya 4: Gawa ujazo kwa kina cha maji ambacho bustani inaweza kushika. Maji yatuame juu sentimita 20. Chini yake mchanga wenye mboji kidogo, sentimita 60, robo yake ni nafasi ya maji: sentimita 15. Chini kabisa kokoto sentimita 20, nafasi 0.4: sentimita 8. Jumla sentimita 43, yaani mita 0.43. Kwa hiyo 9 ÷ 0.43 = mita za mraba 21 hivi.

Hakiki muda wa kukauka: milimita 430 ÷ 15 ni saa 29, na maji yaliyotuama juu huisha kwa saa 14. Mbu huhitaji takriban wiki kutoka yai hadi kuruka, hawahi.

Hatua ya 5: Weka tundu la kutolea maji ya ziada sentimita 20 juu ya udongo, limwage mtaroni. Kaa angalau mita 3 kutoka msingi wa nyumba, na mbali na karo la maji machafu. Maji yanapoingilia panga mawe, la sivyo mvua ya kwanza itachimba korongo.

Mimea sasa. Nyasi ya vetiva huvumilia mafuriko na kiangazi pia.