Namna ya kutumia dawa na virutubisho vya nyongeza kwa mwanamke mwenye PCOS

Msimu wa korosho uliopita alifika dirishani kwetu, katika duka la dawa mjini Mtwara, dada mmoja aliyetoka Newala kwa basi la alfajiri. Alifungua kanga aliyoifunga kama kifurushi, akapanga mezani makopo manne ya virutubisho, chupa ya maji ya mizizi isiyo na lebo, na pakiti moja ya metformini, dawa ya kisukari inayotumika pia kwa PCOS, iliyotolewa vidonge viwili tu. Alikuwa amemeza kimoja cha miligramu 1,000 asubuhi kabla ya kula, kingine jioni, tumbo likamwendesha usiku kucha, naye akaamua kwamba dawa hiyo haimfai. Kopo lililokuwa limekaribia kwisha lilikuwa lile la bei kubwa kuliko yote, na ndilo lililokuwa na faida ndogo kuliko yote kwa hali yake. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wanawake wengi ninaowaona wakiwa wameshikilia nyongeza na kuiacha dawa yenyewe.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba tatizo ulilonalo ni PCOS kweli (kifupi cha jina la Kiingereza, polycystic ovary syndrome). Hali hii, ambayo humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, ni mvurugiko wa homoni unaozuia yai kupevuka na kutoka kila mwezi. Vile vitone vingi vinavyoonekana kwenye altrasaundi, ambavyo watu huviita uvimbe, ni vifuko vidogo vya mayai yaliyokwama njiani kabla ya kupevuka. Hakuna dawa ya kuviyeyusha, na kwa kawaida hakuna sababu ya kuvikata. Kwa mtu mzima, daktari hutafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi kama vile ndevu na chunusi sugu au kipimo cha damu kinachoonyesha hivyo, na ovari zenye vifuko vingi. Huanza kwa kupima mimba, homoni ya tezi ya shingo na prolaktini (homoni ya kutengeneza maziwa ya mama), kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kusimamisha hedhi na tiba yake ni tofauti kabisa. Binti aliyevunja ungo mwaka huu na ambaye siku zake zinarukaruka hana sababu ya kupewa jina la ugonjwa huu. Mwili wake bado unajipanga, na hata altrasaundi haitumiki kumpima hadi ipite miaka 8 tangu alipoanza kuona siku zake. Nalisema hili kwa sababu huku kwetu mabinti hutoka unyago wakiwa wamefundishwa kuhesabu siku, na siku zinapochelewa familia hushikwa na hofu mapema.

Kwa vipimo hivyo na ushauri wa daktari wa magonjwa ya wanawake, anzia Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo ikiwa uko upande wa Mtwara, Ndanda ikiwa uko Masasi, na Nyangao au Sokoine ikiwa uko Lindi. Ulizia kwanza siku za kliniki ili usipoteze nauli.

Ukishathibitishiwa, mweleze daktari unataka nini kwa mwaka huu, kwa maana dawa za PCOS huchaguliwa kwa kufuata lengo. Anayetaka mtoto sasa hapewi dawa zilezile anazopewa anayetaka hedhi ipangike au anayesumbuliwa na nywele za kidevuni. Wanawake wawili wenye majibu ya altrasaundi yanayofanana wanaweza kutoka kliniki na karatasi za dawa zisizofanana hata kwa mstari mmoja, na wote wakawa wametibiwa vizuri. Kwa hiyo usinunue dawa ya shoga yako.

Jambo la kwanza la kulinda ni mji wa mimba. Yai lisipotoka, utando wa ndani wa mji wa mimba huendelea kunenepa bila kumwagika, na miaka ikipita hivyo hatari ya saratani ya utando huo huongezeka. Ndiyo maana nawasihi wateja wangu wasikubali kukaa zaidi ya siku 90 bila kuona siku zao na bila kwenda hospitali, hata kama hawana mume na hata kama hawafikirii kuzaa. Tiba inayotumika zaidi kwa asiyetaka mimba ni vidonge vya majira vyenye homoni mbili, ambavyo hupatikana bure katika vituo vya serikali kwenye huduma za uzazi wa mpango. Vidonge hivyo hupanga hedhi na hupunguza homoni za kiume. Hata hivyo, upimwe shinikizo la damu kabla ya kuanza, na utaje waziwazi ikiwa una shinikizo la juu, umewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, unaumwa kipandauso kinachotanguliwa na mwangaza machoni, unavuta sigara nawe umefikisha miaka 35, au unanyonyesha mtoto aliye chini ya miezi 6. Kila moja kati ya hizo ni sababu ya kutafutiwa njia nyingine. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini aseme pia, kwani hupunguza nguvu ya vidonge hivyo.

Asiyeweza au asiyetaka vidonge vya majira huandikiwa projestojeni peke yake, yaani homoni inayoulinda utando wa mji wa mimba, mara nyingi medroksiprojesteroni ya miligramu 10 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na mzunguko huo hurudiwa kila mwezi au angalau kila baada ya miezi mitatu. Damu hutoka siku chache baada ya kumaliza vidonge. Pima mimba kabla ya kila mzunguko, na ufahamu kwamba dozi hii haizuii mimba.

Sasa nije kwenye metformini, dawa ambayo kwa uzoefu wangu huachwa mapema kuliko zote, na mara nyingi huachwa kwa kosa la namna ilivyoanzwa. Wanawake wengi wenye PCOS wana insulini, homoni inayouwezesha mwili kutumia sukari, inayofanya kazi kwa shida. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, na insulini hiyo ya ziada huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume. Metformini husaidia mwili kuitumia insulini vizuri, na kwa baadhi ya wanawake hedhi hurudi kwenye mpangilio baada ya miezi michache. Kwa kawaida huanzwa na kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa siku, katikati ya mlo wa jioni. Baada ya wiki moja au mbili tumbo likishatulia huongezwa kidonge cha pili, kisha cha tatu, hadi kufikia miligramu 1,500 au 2,000 kwa siku kadiri daktari alivyoandika. Kichefuchefu na kuharisha kwa wiki za mwanzo ni jambo la kawaida, na dawa ni kurudi hatua moja nyuma kwa wiki nyingine badala ya kuitupa pakiti. Kipo pia kidonge kinachoyeyuka polepole, ambacho huwa cha upole zaidi kwa tumbo. Hicho kimezwe kizima, kisikatwe wala kusagwa.

Yako mambo ambayo mwenye metformini lazima ayaseme au ayaulize. Figo zipimwe kabla ya kuanza. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zenye dolutegraviri, ambazo ndizo zinazotolewa kwa wengi hapa nchini, amweleze daktari anayemwandikia metformini, kwa sababu dolutegraviri huongeza kiwango cha metformini katika damu, na dozi kwa kawaida haipaswi kuzidi miligramu 1,000 kwa siku. Najua si rahisi kuitaja dawa hiyo mbele ya dirisha lenye foleni. Omba kuzungumza pembeni, una haki ya faragha hiyo. Ukipata kuhara kukali au kutapika kiasi cha kupungukiwa maji, simamisha metformini hadi upone na umwone mtaalamu. Na wakati wa mabibo, uraka, ile pombe ya mabibo, unapokuwa kila mahali, kumbuka kwamba pombe nyingi pamoja na metformini huongeza hatari ya asidi kujikusanya katika damu, jambo ambalo ni nadra lakini linaua.

Kwa wanaofunga Ramadhani, na ukanda huu wote wa pwani kuanzia Kilwa hadi Msimbati tuko wengi, metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, kwa hiyo wengi huweza kufunga: dozi ya mara moja huliwa pamoja na futari, na ya mara mbili hugawanywa kati ya futari na daku. Bado mwulize daktari wako kabla ya mwezi kuandama, hasa ikiwa una kisukari na unatumia dawa nyingine.

Na jambo moja husahaulika mno: metformini inaweza kulifanya yai litoke bila wewe kujua. Usiyetaka mimba, tumia njia ya uzazi wa mpango hata kama hukuona siku zako kwa miezi sita.

Anayetafuta mtoto huandikiwa dawa ya kupevusha mayai. Letrozoli, inayomezwa kwa siku 5 mwanzoni mwa hedhi, ndiyo inayopendekezwa kwanza siku hizi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha wanawake 750 wenye PCOS, asilimia 27.5 ya waliopewa letrozoli walijifungua watoto hai, ikilinganishwa na asilimia 19.1 ya waliopewa klomifeni. Klomifeni bado hutumika, na huongeza uwezekano wa mapacha. Dawa hizi zisinunuliwe kwa kunong'ona dukani, kwa kuwa zinahitaji kufuatiliwa, na kabla hata ya kuzianza mume naye apimwe mbegu. Nimeona dada akimeza klomifeni mizunguko minne huku mwenzake hajawahi kupimwa kabisa.

Kuhusu ndevu na nywele za kifuani, vidonge vya majira huhitaji angalau miezi sita kabla ya kuonyesha tofauti. Daktari anaweza kuongeza spironolaktoni, dawa inayozuia homoni za kiume, ambayo haitumiki kamwe bila njia madhubuti ya kuzuia mimba, kwa sababu inaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Kunyoa hakuzifanyi nywele kuwa nene. Nyoa bila hofu.

Virutubisho nimeviweka nyuma kwa makusudi. Kimoja tu ndicho ninachokiona cha lazima, nacho ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku kwa anayetafuta mimba, kuanzia mwezi mmoja au zaidi kabla ya kushika mimba, ili kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo na ubongo; mwenye kisukari huandikiwa dozi kubwa zaidi. Vidonge vya fefo, yaani vya kuongeza damu, vinavyotolewa kliniki ya wajawazito vina foliki, lakini wengi huvipata mimba ikiwa imeshapita wiki hizo za mwanzo. Vitamini B12 inamhusu aliyetumia metformini kwa miaka, kwani dawa hiyo huipunguza mwilini; ukisikia ganzi au kuchomwachomwa miguuni, omba upimwe. Vitamini D itumie pale ulipopimwa ukaonekana una upungufu, na bila maelekezo ya daktari usizidishe yuniti 4,000 kwa siku.

Inositoli ndiyo iliyokuwa ndani ya lile kopo la bei kubwa. Hutumiwa mara nyingi gramu 2 mara mbili kwa siku, madhara yake ni madogo, na huenda ikasaidia kidogo upande wa insulini. Lakini ushahidi kwamba inarudisha upevukaji wa mayai au kupunguza nywele bado ni dhaifu. Mwenye fedha na anayeipenda aitumie kwa kumjulisha daktari. Anayelazimika kuchagua kati yake na metformini aliyoandikiwa, achukue metformini. Mafuta ya samaki ya kwenye vidonge siyapendekezi kwa mtu anayeishi karibu na feri ya Mtwara, ambako vibua hupatikana. Vidonge vya nywele vyenye biotini viachwe siku kadhaa kabla ya kutoa damu, kwani vinaweza kupotosha majibu ya tezi ya shingo. Na ile chupa ya mizizi isiyo na lebo niliomba iwekwe pembeni: hakuna anayejua kilichomo, kipimo chake, wala namna inavyogongana na dawa nyingine.

Chakula nitakigusa tu, ingawa kina uzito wake. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8, hedhi yake inaweza kurudi hata bila dawa mpya. Punguza tonge la ugali wa muhogo, ongeza mbaazi, kunde, mboga na samaki, na utembee kwa haraka nusu saa karibu kila siku.

Weka daftari. Andika tarehe ya kuona siku, dozi ya kila wiki, na namna tumbo lilivyopokea. Ikiwa unanunua dawa za miezi mitatu fedha za korosho zinapoingia, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi ya kila pakiti na uzihifadhi mbali na joto la bati. Shinikizo la damu lipimwe kila mwaka, na sukari kila mwaka mmoja hadi mitatu, ikiwezekana kwa kile kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikabana, au kichwa kikauma ghafla kuliko ulivyowahi kusikia huku unatumia vidonge vya majira, nenda hospitali saa hiyohiyo. Damu inayojaza pedi kila saa nayo haisubiri siku ya kliniki. Kwa mengine yote, rudi siku uliyoandikiwa, ukiwa na daftari, pakiti za dawa hata zilizoisha, na kila kopo na chupa unayotumia nyumbani, ikiwamo ile uliyopewa na shangazi.